Kabla ukurasa wako haujawekwa hewani: mambo ya kuangalia na fundi

Wenye maduka, shule na zahanati hapa Bukavu na Goma mara nyingi huoneshwa ukurasa wao wa intaneti kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya fundi aliyeutengeneza, kioo kikubwa, intaneti ya ofisi. Wateja wengi hawatauona hivyo. Watauona kwenye simu, kwa mega walizonunua asubuhi, wamesimama juani. Kabla hujamalizia malipo, kaa na fundi, shika simu, mpitie haya.

Upana kwanza. Kichwani mwa kodi, yaani maandishi ya programu yanayounda ukurasa, kuwe na mstari wa viewport (unaoiambia simu upana wa kutumia) unaosema width=device-width, initial-scale=1. Usipokuwepo, simu hupanga ukurasa kwa upana wa pikseli 980 hivi kisha huubana wote ndani ya kioo, na hakuna kinachosomeka.

Herufi ziwe pikseli 16, na mistari iachane mara 1.5 ya ukubwa huo. Kwenye visanduku vya kujaza usishuke chini ya 16, maana iPhone hukuza kioo yenyewe mtu akigusa kisanduku. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kikatae. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na watu wote, kinataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo wa rangi #767676 kinapita kwa shida, #999999 hakifiki hata 3.

Vitufe viwe na pikseli 44 hadi 48 kila upande, vikiachana kidogo. Kimoja tu kiwe kikuu, na kiseme kinachofanya: “Agiza”, “Piga simu”. Namba ya simu iandikwe kwa maandishi yanayobonyezeka, isifichwe ndani ya picha.

Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na MB 3 au zaidi. Ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1200, igeuzwe WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), ishuke chini ya KB 200. Fundi aandike width na height (upana na kimo) za kila picha ili nafasi yake ihifadhiwe mapema. Asipofanya hivyo, picha ikichelewa kufika inasukuma maandishi chini, na kidole kilichokuwa kinaenda kwenye “Agiza” kinaangukia “Futa”. Picha zinazojizungusha juu ya ukurasa ziondoe zote.

Fomu sasa, na hapa usikubali haraka. Nyingi huchukuliwa zikiwa tayari, zimepangwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani. Chukua mama wa Kadutu anayetaka kuagiza vitenge. Ana majina matatu: jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza). Visanduku ni viwili, basi anabana mawili ndani ya kimoja. Simu anaiandika kama anavyoitaja kila siku, tarakimu kumi zikianza na 0. Fomu inataka +243 bila ile 0, lakini haikusema. Halafu inamdai msimbo wa posta, yeye ambaye nyumba yake inatajwa kwa avenyu, katye (mtaa) na komini. Anaweka 0000. Anabonyeza “Tuma”, mtandao unasita, ukurasa unarudi na neno moja jekundu, “Kosa”, na visanduku vyote vitupu. Hajazi tena. Na mwenye duka hatajua kwamba mteja alifika, kwa sababu hakuna kilichomfikia.

Kwa hiyo dai haya: visanduku vitatu vya majina, au kimoja kirefu. La lazima liwe jina na simu tu. Namba ikubaliwe ikianza na 0, ikianza na +243, hata ikiwa na nafasi katikati. Kuisafisha ni kazi ya programu, si ya mteja. Kisanduku chake kiwe cha aina ya tel ili kibodi ya tarakimu ijitokeze. Maelezo yakae juu ya kisanduku, kwa kuwa yakiwa ndani yanapotea mtu akianza kuandika. Kosa lielezwe chini ya kisanduku chake, kwa maneno kamili: “Namba imepungua tarakimu moja.” Alichoandika kibaki. Kitufe kikibonyezwa kiandike “Inatuma” na kisikubali kubonyezwa tena, la sivyo oda moja inaingia mara tatu.

Kila bei iseme ni dola au franka. Menyu isizidi vichwa sita.

Halafu jaribuni kwa simu ya Android ya bei ndogo, kwa 3G, nje ya nyumba. Mpe mtu asiyeujua ukurasa, mwambie atafute bei ya kitu fulani, kisha nyamaza umtazame; anapokwama ndipo pa kurekebisha. Na jina la tovuti liandikishwe kwako, si kwa fundi, neno la siri ulishike wewe, nakala ya faili zote ukae nayo, na tarehe ya kulipia tena iandikwe mahali unapoiona.