Kuwinda kulungu kwa gumegume: toka kiraka hadi kisu

Tarehe 26 Disemba, majirani wakiwa bado wanamalizia viporo vya Krismasi, mimi huwa nishatoka alfajiri na gumegume begani. Siku hiyo ndiyo unapofunguliwa msimu wa baridi wa gumegume hapa Pennsylvania, msimu ulioanzishwa mwaka 1974. Bunduki inayoruhusiwa ni ile ya kushindilia mdomoni, inayowashwa kwa jiwe. Ile inayowashwa kwa fataki badala ya jiwe hairuhusiwi, darubini hairuhusiwi, na kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) isipungue .44.

Kwetu Tanzania ukitamka gobore, mtu wa kwanza anayekuja akilini ni jangili, au lile fungu la magobore yaliyosalimishwa polisi na kupangwa chini kwa ajili ya picha. Hapa ni silaha ya heshima, maana wilaya ya Lancaster ninapoishi ni miongoni mwa mahali ilipozaliwa bunduki ndefu ya Pennsylvania. Mafundi wa Kijerumani waliohamia huku karne ya 18 walichukua bunduki fupi nene ya kwao, wakarefusha mtutu na kupunguza kaliba ili baruti na risasi zisiishe haraka porini. Kabla ya yote pitia darasa la usalama wa wawindaji, kata leseni pamoja na kibali cha gumegume, na usome kijitabu cha sheria cha mwaka huo huo.

Na nikisema kulungu, sina maana ya yule wa vichaka vya nyumbani. Huyu ni kulungu mkia-mweupe, ambaye dume lake hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Mwezi wa kwanza madume mengine yameshabaki vipara, kwa hiyo angalia kibali chako kinasemaje kabla ya kunyoosha mtutu.

Hatua ya 1: Vifaa

Bunduki yangu ni kaliba .50, na mifereji ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kwa kila inchi 66. Msokoto huo wa polepole ndio unaoipenda risasi ya duara. Mitutu yenye msokoto mkali ilitengenezwa kwa risasi ndefu, ukiipa ya duara na baruti nyingi itakusumbua.

Risasi ni ya .490, yaani ndogo kidogo kuliko mtutu, na uzito wake ni kama greni 177 (gramu 11 na nusu). Iwe ya madini ya risasi laini yasiyochanganywa. Ikwaruze kwa ukucha: ikiacha alama, ni laini.

Ile nafasi ndogo inayobaki hujazwa na kiraka. Ni kitambaa cha pamba cha mistari, kile cha kushonea foronya za magodoro, chenye unene wa inchi .015 hadi .018. Kifue kwanza kitoke wanga wa dukani, kikauke, ndipo ukikate vipande na kuvipaka mafuta. Mimi huyeyusha mafuta ya mnyama pamoja na nta kidogo ya nyuki. Grisi ya gari usiiguse, ikiungua pamoja na baruti huacha lami ndani ya mtutu.

Baruti iwe nyeusi ya kweli: chumvi ya shura, mkaa na salfa. Zile mbadala za kisasa huchelewa sana kushika moto wa cheche. Mtutuni natumia chembe za FFFg (F zikizidi, chembe ni laini zaidi), na kwenye kisahani, kile kikombe kidogo pembeni ya mtutu kinachopokea cheche, natumia FFFFg, laini kama unga.

Hatua ya 2: Uwanja wa shabaha, na kusoma viraka

Hapa ndipo nataka utumie muda wako. Mtu akiniambia gumegume lake halipigi sawasawa, simuulizi habari ya shabaha. Namuuliza: viraka vyako umeviokota?

Anza na greni 50 za baruti kwa yadi 25. Piga mara tatu, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo mtutuni baada ya kila mlio, kisha ongeza greni 5 na upige tena. Bunduki yangu ilitulia kwenye 70. Ya kwako itachagua yake.

Kila baada ya milio mitatu, hakikisha bunduki zote uwanjani ziko tupu na kila mtu ameacha kupiga, ndipo uende mbele hatua kumi hadi ishirini ukaokote viraka kwenye majani. Kiraka kizuri kina duara jeusi katikati risasi ilipokalia, na kingo zilizochakaa kidogo kama pindo la kanga kuukuu. Ungeweza karibu kukitumia tena.

Kiraka kilichotoboka katikati kwa moto kinakwambia mafuta hayatoshi au kitambaa ni chembamba. Kilichochanika vipande vipande kimeoza, mara nyingi kwa sababu kimekaa na mafuta mwaka mzima kabatini. Kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka kimekatwa na ukali wa chuma.

Mtutu wangu ulipokuwa mpya ulinipa hivyo vya mwisho. Kila kiraka kilitoka na mikato midogo imepangana kuzunguka duara, na risasi zilitawanyika kwenye karatasi kama punje za mahindi zilizomwagika. Nilibadilisha baruti, nikabadilisha mafuta, nikaanza kuilaumu miwani. Mzee jirani yangu, ambaye amewinda kwa jiwe maisha yake yote, alichukua kiraka kimoja, akakiinua juani, akacheka. Akaweka msasa laini juu ya mdomo wa mtutu, akaukandamiza kwa kidole gumba na kuuzungusha, huku akigeuza bunduki kidogo kidogo, robo saa nzima. Ule ukali wa mdomo ukaisha. Wiki iliyofuata risasi tatu zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya chai.

Hatua ya 3: Jua mwisho wako

Risasi ya duara hutoka kwa kasi kubwa, lakini umbo lake halipasui hewa vizuri. Ikifika yadi 100 imeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo msituni si swali la kama unaweza kulenga mbali.

Bandika sahani ya karatasi ya inchi 6. Piga ukiwa umepiga goti au umeegemea mti, kama utakavyokuwa siku yenyewe, usipige mezani. Umbali ambao risasi tano kati ya tano zinaingia kwenye sahani ndio mwisho wako. Wangu ni yadi 60. Kulungu akisimama kwenye 80, namtazama tu, na nimeshawatazama wengi.

Hatua ya 4: Kushindilia

Asubuhi ya mawindo mtutu una mafuta uliyopaka kuzuia kutu. Yafute yote kwa vitambaa vikavu. Pitisha sindano kwenye tundu la moto, lile linalounganisha kisahani na mtutu. Mafuta yakibaki humo, baruti ya kisahani itawaka na ya ndani haitajua kitu.

Kisha fuata mpangilio, bila kupiga soga:

1. Tumbukiza mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, mtutuni uhakikishe hamna kitu. Mdeki wako uwe na alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa.
2. Mimina baruti toka kwenye pembe ya kubebea baruti kwenda kwenye kipimo, na toka kipimo kwenda mtutuni. Usimimine kwa pembe moja kwa moja kamwe. Kukiwa na kaa lililobaki ndani baada ya mlio, pembe nzima italipuka mkononi mwako.
3. Weka kiraka mdomoni, risasi juu yake, na ile sehemu bapa iliyokatwa kwenye kalibu ielekee juu katikati. Sukuma kwa kigingi kifupi.
4. Shusha kwa mdeki. Ushike chini, karibu na mdomo wa mtutu, usukume kwa misukumo mifupi. Anayeushika juu huuvunja, na mdeki wa mti uliovunjika hupita kiganjani kama mkuki.
5. Angalia alama. Risasi lazima iikalie baruti. Ikining'inia katikati na kuacha nafasi, mtutu unaweza kupasuka.

Soga nimezikataza kwa sababu siku moja nilikuwa nasimulia habari za harusi Tanga, nikaruka namba 2. Risasi ikashuka vizuri kabisa, juu ya hewa. Ikikutokea, chokonoa baruti laini kidogo kidogo kupitia tundu la moto, sukuma risasi tena kwa mdeki uhakikishe imekaa chini kabisa, kisha elekeza mtutu pahala salama upige. Itatoka kwa mlio wa aibu.

Hatua ya 5: Kisahani

Jaza kisahani ukishafika unapokaa, si kwenye gari wala njiani. Theluthi moja inatosha. Ukikijaza mpaka kufunika tundu, moto utalazimika kuila baruti kama utambi, nawe utasikia "fyuu" kabla ya "ndo". Tunataka mwako, si utambi.

Baruti nyeusi hunywa unyevu. Siku ya theluji namwaga ile ya kisahani kila nusu saa, nafuta, naweka nyingine. Juu ya mtambo, yaani sehemu yenye jiwe na kisahani, nafunga kifuniko cha ngozi iliyopakwa nta. Jiwe nalo lifute, na ulijaribu makali yake kwa ukucha.

Hatua ya 6: Mlio

Baada ya wiki kadhaa za bunduki za kisasa, kulungu waliobaki ni wajanja. Baridi kali huwapeleka kwenye miteremko inayotazama kusini, panapopata jua, na jioni hushuka kutafuta matunda ya mialoni yaliyobaki chini ya theluji. Kaa upepo ukikupiga usoni, mgongo kwenye mti mnene.

Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa mgongo, muache. Mimi Muislamu, kwa hiyo Bismillahi naitamka kabla ya kugusa kifyatulio, maana kati ya cheche na mlio hakuna nafasi ya dua.

Cheche zitawaka mbele ya jicho lako la kulia. Usipepese, usiinue kichwa kutazama. Endelea kulenga mpaka moshi ukufunike.

Ikiwaka kisahani tu, au isipowaka kabisa, acha mtutu ulipoelekea na uhesabu dakika nzima. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani.

Hatua ya 7: Baada ya moshi

Hutaona kitu, kwa hiyo tega sikio uelekeo aliokimbilia. Shindilia tena ukiwa pale pale ulipo, huku ukitazama saa: nusu saa. Kisha nenda aliposimama. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, huyo hayuko mbali. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya tumbo, rudi ukae saa kadhaa, ukimfuata sasa utamfukuza mpaka usiku. Risasi ya duara wakati mwingine haitokei upande wa pili, hivyo damu huwa chache. Weka alama kila tone kwa kipande cha karatasi ya chooni, uone mstari unaelekea wapi.

Mkaribie kwa mgongoni, mguse jicho kwa kijiti. Mwondoe matumbo hapo hapo ili nyama ipoe, na nyama iliyopondeka kuzunguka jeraha itupe kwa ukarimu, madini ya risasi ni sumu. Pennsylvania kuna ugonjwa sugu wa kukondesha kulungu, uliogunduliwa huku mwaka 2012. Ukiwinda kwenye maeneo yaliyowekewa masharti, kichwa na uti wa mgongo haviruhusiwi kutoka nje ya eneo. Peleka kichwa kipimwe.

Hatua ya 8: Maji ya moto

Usiku huo huo, hata kama umechoka. Mabaki ya baruti nyeusi yana chumvi, nayo huanza kula chuma mapema. Kwanza hakikisha hamna risasi ndani. Ziba tundu la moto kwa kijiti, jaza maji ya moto yenye sabuni, acha kidogo, mwaga, pitisha vitambaa mpaka kimoja kitoke cheupe. Kausha, paka mafuta. Mtambo ufungue na uuoshe pia, moshi huingia hadi kwenye springi.

Kesho yake pitisha kitambaa kingine. Kikitoka na rangi ya chai, ni kutu imeanza, rudia kuosha. Mke wangu ameshazoea kuona mtutu umeegemea beseni la vyombo, ila sufuria ya maji ya bunduki ameniwekea ya peke yake.