Kuanika dagaa Septemba bila kunyeshewa
Ninaanika dagaa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na Septemba ndiyo hunikosesha usingizi: kiangazi kinaisha, vuli haijafika, ziwa nalo lina mambo yake. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mawingu yakajikusanya huko. Kwa hiyo alfajiri, kabla ya kushika ndoo, tazama ziwani. Ukiona radi au giza, subiri. Kukiwa kweupe, tandaza dagaa kwenye chanja, si mchangani, tabaka jembamba, ugeuzegeuze. Mchana upepo hugeuka, ukaja kutoka ziwani. Ukiwa wa baridi ghafla, anua, hata chai usimalizie! Mwaka jana nilimalizia. Dagaa wakalowa, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Turubai likae hapo hapo chanjani, si nyumbani.