Namba Witiri: Namna ya Kumwezesha Mtoto Kuziona Kabla ya Kuzikariri

Ukimwuliza mtoto wa Darasa la Tatu namba witiri ni zipi, mara nyingi atakujibu upesi kwamba ni 1, 3, 5, 7 na 9, na ukimwandikia 38 ubaoni atasema kwamba nayo ni witiri kwa sababu imeanza na 3. Jibu hilo nimelisikia karibu kila mwaka tangu nianze kufundisha Hisabati katika shule ya msingi. Huwa linanionyesha kwamba mtoto ameshika orodha ya tarakimu tano bila kukiona kitu ambacho orodha hiyo inakieleza. Katika mwongozo huu, mzazi au mwalimu mwenzangu, tutaanza na kitu chenyewe, yaani jozi kadhaa na kimoja kilichobaki bila mwenzi, kisha tutaona jinsi sifa zote za namba witiri zinavyotoka katika picha hiyo moja.

Andaa vizibo vya soda arobaini hivi. Kokoto, maharage au komwe za bao zinafaa vilevile, na nyumba yenye bao la kiswahili haina haja ya kutafuta kitu kingine, kwa kuwa kete zake 64 zinatosha mazoezi yote yaliyomo humu. Tafuta pia karatasi na penseli.

Hatua ya kwanza: panga viwiliviwili

Mpe mtoto vizibo 8 na umwambie avipange viwiliviwili, kila kizibo kikikaa ubavuni mwa mwenzake. Kisha mpe 9 afanye vivyo hivyo, na umwulize swali moja tu: je, kuna kizibo kisicho na mwenzi? Usitaje bado neno witiri wala shufwa. Chora jedwali lenye safu mbili, moja ya namba ambazo kila kizibo kimepata mwenzi, nyingine ya namba ambazo kimoja kimebaki peke yake, kisha aendelee mwenyewe kuanzia 1 hadi 20, akipanga vizibo na kuandika matokeo.

Kazi hii huchukua nusu saa au zaidi, nami nakusihi usiifupishe. Mtoto akifika kwenye 12 au 13 ataanza kutabiri kabla ya kupanga, kwa kuwa ameona kwamba namba zinapokezana: moja inaingia safu hii, inayofuata inaingia safu ile. Hapo ndipo umwulize kwa nini. Jibu la kutafuta ni kwamba unapoongeza kizibo kimoja, kile kilichokuwa peke yake kinapata mwenzi, na ukiongeza kingine tena, anatokea mpweke mpya. Mtoto aliyelisema hili kwa maneno yake mwenyewe amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Hatua ya pili: toa majina

Sasa mwambie kwamba namba za safu ya wenye wenzao huitwa namba shufwa, na zile zinazobakiza kimoja huitwa namba witiri. Katika vitabu vya Kenya ataziona zikiitwa nambari shufwa na nambari witiri. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, na katika Kurani yametajwa pamoja mwanzoni mwa Surat al-Fajr. Watoto wengi wa Kiislamu wanaijua pia swala ya witiri, ambayo idadi ya rakaa zake haiwi shufwa, kwa hiyo wao neno hili wanalo tayari na kinachotakiwa ni kuliunganisha tu na hesabu.

Kuwa mwangalifu na namna unavyotoa maana. Vitabu vingi husema kwamba namba witiri ni namba isiyogawanyika kwa 2, na mtoto makini atakupinga kwa kusema kwamba machungwa 7 yanagawanyika kwa watu wawili, kila mmoja akapata matatu na nusu. Mtoto huyo hajakosea, na usimnyamazishe. Mwambie kwamba tunazungumzia kugawanya bila kukata kitu: namba witiri ni namba nzima ambayo ukiigawanya kwa 2 hubakiza 1.

Huenda akauliza habari za sifuri. Mkono usio na kizibo hauna kizibo kilichokosa mwenzi, kwa hiyo sifuri ni shufwa.

Hatua ya tatu: kwa nini tunatazama mamoja peke yake

Kanuni ya kutazama tarakimu ya mwisho inafundishwa kila mahali, lakini sababu yake haielezwi mara nyingi, na hapo ndipo kosa la 38 linapozaliwa. Mwambie mtoto apange vizibo 10 viwiliviwili, naye ataona jozi 5 kamili. Kumi moja haibakizi kitu, basi makumi mawili hayabakizi kitu, wala makumi tisa, wala mia, kwa sababu mia ni makumi kumi. Chukua 347: mia tatu ni jozi 150, arobaini ni jozi 20, na saba ni jozi 3 na kimoja. Mamia na makumi yamejimaliza yenyewe kwa jozi, na uamuzi wote umebaki kwa zile saba.

Baada ya hapo mpe namba za kumtatiza kwa makusudi, kama 38, 74, 590, 403 na 1,112, na kwa kila moja aeleze ni nani amebaki bila mwenzi, kama yupo.

Hatua ya nne: kujumlisha

Hapa somo linanoga, nami hulitengea siku mbili. Mpe mtoto vizibo 7 na mwenzake 5, kila mmoja apange vyake viwiliviwili, kisha wasogeze makundi yao yakutane. Kila kundi lina mpweke mmoja, na wapweke hao wawili wanapokutana wanakuwa jozi, kwa hiyo jumla, ambayo ni 12, ni shufwa. Mwulize kama ingekuwa hivyo hata kwa 7,001 na 5,003, ambazo hawezi kuzipanga kwa vizibo. Mtoto aliyeelewa atasema ndiyo bila kuzijumlisha, kwa kuwa kila moja inaleta mpweke mmoja tu, hata iwe kubwa namna gani. Witiri ukiijumlisha na shufwa, mpweke hana wa kukutana naye, na jumla inabaki witiri. Kutoa kunafuata njia hiyohiyo: 9 ukitoa 4 unapata witiri, 9 ukitoa 5 unapata shufwa.

Ukishamaliza namba mbili, nenda kwenye nyingi. Rakaa za swala tano za faradhi ni 2 alfajiri, 4 adhuhuri, 4 alasiri, 3 magharibi na 4 isha. Ni magharibi pekee iliyo witiri, kwa hiyo mtoto anaweza kutangaza kwamba jumla ya siku nzima ni witiri kabla hajaitafuta, kisha ahesabu na kupata 17. Kumbe kinachoamua ni idadi ya wapweke: wakiwa wawili, wanne au sita, wote wanapata wenzao, na wakiwa watatu au watano, mmoja lazima abaki.

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka mbali zaidi kwa wakati. Mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua huko Ishango, kwenye ufuo wa Ziwa Edward nchini Kongo, mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu, nao unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Mafungu yote manane ni witiri, na kila moja ya safu hizi mbili ina jumla ya 60. Wataalamu hawajakubaliana mikato hiyo ilikusudiwa nini, lakini mwanafunzi wetu anaweza kueleza jambo moja kwa uhakika: namba nne za witiri zina wapweke wanne, kwa hiyo jumla yake haiwezi kuwa witiri.

Hatua ya tano: kuzidisha

Tengeneza makundi 5 ya vizibo 3. Kila kundi lina mpweke mmoja, kwa hiyo wapo wapweke watano. Waunganishe, nao watatoa jozi mbili na mmoja atabaki, ndiyo maana 15 ni witiri. Ukitengeneza makundi 4 ya vizibo 3, wapweke wanne wanamalizana wote. Kwa hiyo zao la namba mbili huwa witiri pale tu zote mbili zinapokuwa witiri. Mtoto na azoee kuitumia sifa hii kukagua kazi yake: aliyezidisha 37 kwa 45 akapata 1,656 ajue mara moja kwamba amekosea, kwa sababu witiri kwa witiri haileti shufwa. Jibu ni 1,665.

Hatua ya sita: kujenga miraba

Weka kizibo 1 mezani. Kizungushie vizibo 3 kwa upande wa kulia na wa chini, upate mraba wa vizibo 2 kwa 2. Ongeza 5 kwa namna hiyohiyo, upate 3 kwa 3, kisha 7, upate 4 kwa 4. Mtoto aandike: 1, kisha 1 + 3 = 4, kisha 1 + 3 + 5 = 9, kisha 1 + 3 + 5 + 7 = 16. Ukijumlisha namba witiri kwa mfululizo kuanzia 1, unapata kipeo cha pili cha idadi ya namba ulizojumlisha. Namba kumi za kwanza, kuanzia 1 hadi 19, zinatoa 100.

Usiishie kwenye kushangaa. Tazameni pamoja ukanda ulioongezwa mara ya mwisho: una vizibo 3 upande wa kulia, vizibo 3 upande wa chini, na kimoja penye kona. Mikono miwili iliyo sawa inafanya jozi, na kile cha kona ndicho mpweke wetu wa tangu hatua ya kwanza. Kila ukanda mpya una mikono mirefu zaidi kwa kizibo kimoja kila upande, kwa hiyo unaongezeka kwa 2 na daima ni witiri. Uthibitisho wa jambo hili ulichapishwa na Mwitalia Francesco Maurolico mwaka 1575, na kwa wanafunzi wakubwa unaweza kuongeza kwamba Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionyesha kwamba kitu kinachoanguka hupita, katika vipindi vya muda vilivyo sawa, umbali unaofuata uwiano wa 1, 3, 5, 7.

Hatua ya saba: witiri na tasa

Watoto huchanganya haya mawili kwa kuwa namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zinazogawanyika bila baki kwa 1 na kwa zenyewe tu, karibu zote ni witiri. Onyesha tu kwamba 9, 15, 21 na 25 ni witiri lakini si tasa, na kwamba 2 ni tasa lakini ni shufwa.

Zoezi la kupima uelewa

Kenya zipo sarafu za shilingi 1 na za shilingi 5. Mpe mtoto swali hili na umwachie muda: lipa shilingi 20 kwa sarafu saba kamili, ukitumia sarafu za aina hizo mbili tu. Atajaribu mara nyingi, atapata 19, atapata 23, na 20 itamkwepa. Usimwambie lolote. Asipofika popote, mwulize tu kila sarafu inaleta wapweke wangapi. Akishaona kwamba sarafu saba za witiri haziwezi kamwe kutoa jumla ya shufwa, mwongezee sarafu ya nane, naye atapata haraka sarafu tatu za shilingi 5 na tano za shilingi 1.