Bingo ya maumbo: hata dau unashinda nalo

Bingo ya mstari, ile ya kufunika namba zinazoitwa mpaka mstari mmoja ujae, inachosha haraka, mkicheza raundi tatu nne ushaona mmoja anachungulia simu, mwengine keshazama jikoni kutafuta mahamri. Sisi hapa Malindi siku ya pili ya Idi, nyumba ikijaa, tunacheza kwa maumbo, yani mshindi ni anaejaza mchoro tuliokubaliana kwenye kadi, na hapo ukimwambia mtu twende akalale anakuona adui.

Kadi kwanza. Kata manila, piga rula visanduku 5 kwa 5, juu andika B I N G O. Chini ya B tia namba tano zozote kati ya 1 na 15, I ni 16 mpaka 30, N 31 mpaka 45, G 46 mpaka 60, O 61 mpaka 75. Kile cha katikati kabisa ni cha bure, kila mtu anakifunika tangu mwanzo, kwa hio namba zinabaki 24. Kufunikia tunatumia komwe za bao la babu (tutazirudisha babu, usituangalie hivo). Namba zote 75 ziandike kwenye vikaratasi, kunja, tia kikapuni.

Sasa maumbo yenyewe. Dau letu, yani chombo cha baharini, ni mstari wote wa nne, mstari wa mwisho vile vitatu vya kati, halafu mlingoti unapanda N kutoka katikati mpaka juu. Hesabu, ni namba 10. Nguzo ni N yote na kisanduku kimoja kila upande kwenye mstari wa pili, yani ile nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni na msalaba wake juu, hio ni namba 6 tu. Mlango wa Lamu ni B yote, O yote na mstari wa juu, namba 13 na cha bure hakikusaidii kitu.

Na hapa ndo wengi wanakosea, wanachagua umbo kwa uzuri. Hesabu namba zake kwanza, alafu angalia herufi gani halizigusi. Nguzo haina kazi na B wala O, hizo ni vikaratasi 30, zitoe kikapuni kabla hamjaanza, la sivo utaita B 7, O 70, B 11, watu wanatazamana tu kama wamefiwa.

Jengine, chora umbo kwenye karatasi kubwa, libandike ukutani, na useme mapema kama likigeuzwa linahesabika. Mwaka jana hatukusema. Mama mdogo akaita bingo, kuangalia, dau lake limepinduka, mlingoti uko chini! Akashikilia kuwa madau hupinduka kila siku baharini, kuna ubaya gani. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Usifute kadi baada ya kila mshindi. Anza na pembe nne, komwe ziache pale pale, endelea na dau, malizia kadi nzima, lakini mkiwa wachache jueni kadi nzima inakaribia kumaliza kikapu. Wataliano wa hapa mjini tombola yao ya Krismasi ndo hivo hivo, ina namba 90, kuna zawadi ya mbili kwenye mstari mmoja, ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka kadi nzima, kwa hio hata mwenye nuksi anapata chochote.

Anaeita asiite kikavu. B 3, Kilifi nyumbani! B 5, Lamu hio (hizo ni namba za kaunti)! G 47, kaunti zote! O 63, mwaka wa uhuru! I 30, Ramadhani imetimia! Watoto wanapenda kujibu kwa sauti. Vikaratasi alivoviita aviweke kando kwa mpangilio, maana mshindi lazima asomewe namba zake moja moja, huku kwetu imani ni kwa Mungu tu.

Pesa hapana. Mtu asitoe hata shilingi ya kuingilia, ikifika hapo ni kamari na babu atachukua komwe zake. Zawadi anatoa mwenye nyumba, bakuli la kaimati, kilo ya sukari, na ya kadi nzima ni leso. Wawili wakiita pamoja, leso si ziko mbili, kila mmoja kipande chake, ingawa mpaka leo sijaona wawili walioridhika.