Kukuza Nywele za Kipilipili Hadi Zifike Mabegani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wateja wengi wanaoketi mbele ya msusi hulalamika kwamba nywele zao zimegoma kukua. Hata hivyo, mtu huyohuyo akifumuliwa rasta alizokaa nazo mwezi mmoja na nusu, huonekana shinani uotaji mpya wa sentimita moja hivi ambao siku ya kusuka haukuwapo. Nywele zake zinakua. Kinachotokea ni kwamba urefu unaopatikana shinani hupotea nchani kwa kukatika. Kwa sababu hiyo hatua zote zinazofuata zinahusu kuzuia kukatika, na sitazungumzia dawa yoyote ya kuzifanya nywele ziote haraka.

Nywele za Kiafrika hukua kwa wastani wa milimita 8 hivi kwa mwezi, yaani karibu sentimita 10 kwa mwaka, ingawa kila mtu ana kasi yake. Kila unywele hukua kwa kipindi cha miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa takriban miezi 3, kisha hung'oka wenyewe na kuupisha mwingine, hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Ikiwa nywele za utosini zinahitaji sentimita 30 ili ziguse mabega, kazi hiyo ni ya miaka 3 au zaidi, na ncha itakayofika begani itakuwa imeoshwa, imechanwa na kusukwa kwa muda huo wote. Isitoshe, unywele wa kipilipili ni bapa na umejikunja, nao hudhoofika zaidi kwenye mikunjo, wakati mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hayateremki kwa urahisi katika mikunjo hiyo ili kufika nchani. Ncha, basi, ndiyo sehemu kongwe na kavu kuliko zote, nayo ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa.

Hatua ya 1: Pima na ukague

Osha nywele, ziache zikauke, kisha vuta taratibu fungu dogo la nywele katika sehemu nne: juu ya paji, utosini, juu ya sikio na kisogoni. Pima kila fungu likiwa limenyooka, kwa kuwa nywele za kipilipili zikijikunja zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake au hata pungufu ya hapo. Andika vipimo hivyo pamoja na tarehe, urudie baada ya miezi 3. Kupima kila wiki hakuna faida, kwani tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa rula.

Siku hiyohiyo kusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo na uzitazame juu ya karatasi nyeupe. Unywele mrefu wenye kichwa kidogo cheupe mwishoni umeng'oka kwa kumaliza muda wake, na hauna la kukutia wasiwasi. Vipande vifupi visivyo na kichwa hicho vimekatika. Vikiwa vingi, kuna jambo unalolitenda katika kuosha, kuchana au kusuka ambalo linakupunguzia urefu.

Hatua ya 2: Fanya uamuzi kuhusu dawa

Dawa za kulainisha nywele, ziwe na hidroksidi ya sodiamu au zile zinazouzwa kwa madai kwamba hazina kemikali hiyo, hufanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele umbo lake. Zinaweza kutumiwa na nywele zikabaki ndefu, lakini kwa mtu ambaye nywele zake tayari zinakatika ninashauri aziache. Ukiacha, utakuwa na nywele za aina mbili katika kichwa kimoja, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika kwa urahisi. Unaweza kukata zote zenye dawa na kuanza upya, au kuzipunguza kidogo kila baada ya miezi 2 au 3 huku za asili zikiongezeka. Njia ya pili humfaa asiyependa nywele fupi, ila humdai uvumilivu mwingi zaidi wakati wa kuchana.

Hatua ya 3: Osha kila baada ya siku 7 hadi 10

Imezoeleka kuamini kwamba nywele chafu hukua haraka. Ukweli ni kwamba jasho, vumbi na mafuta yaliyoganda huwasha ngozi, hulisha mba na kuzifanya nywele zisokotane. Mwenye kufanya mazoezi au kutokwa na jasho jingi aoshe kila wiki.

Gawa nywele katika mafungu 4 hadi 8, usokote kila fungu kwa ulegevu, uoshe moja baada ya jingine bila kuyafumua yote kwa pamoja. Hatua hii ndogo pekee hupunguza mafundo kuliko bidhaa yoyote ya dukani. Paka shampuu kwenye ngozi ya kichwa tu na uisugue kwa nyama za vidole, si kwa kucha. Povu litakaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuzisafisha ncha. Kurundika nywele zote juu ya kichwa na kuzifikicha kama nguo ni njia ya uhakika ya kuzifunga mafundo.

Usitumie sabuni ya mche wala ya kufulia. Sabuni hizo zina pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, nazo hufungua magamba madogo yanayoufunika unywele na kuuacha mkavu na wenye kukwaruza. Tatizo huzidi kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, kwa sababu madini ya kalisi na magnesi hushikamana na sabuni na kuacha utando mweupe unaodhaniwa kuwa mba. Ikiwa hayo ndiyo maji uliyonayo, hifadhi lita 2 au 3 za maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya kusuuzia mwisho. Unaweza pia kuchanganya vijiko 2 vya mezani vya siki katika lita moja ya maji, umwagie nywele, na baada ya dakika moja usuuze. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Baada ya shampuu, paka kondishena kwa wingi kuanzia nchani kupanda juu, funika kichwa kwa kofia ya plastiki au mfuko safi wa nailoni, ukae nayo dakika 20 hadi 30. Stimu ya saluni ni nzuri, lakini joto la kichwa chako chini ya nailoni na taulo hutosha.

Hatua ya 4: Fungua mafundo kondishena ikiwa bado kichwani

Katika hatua hii urefu wa miezi kadhaa unaweza kuangukia sakafuni kwa dakika chache, kwa hiyo usiifanye ukiwa na haraka. Anza kwa vidole, ukitenganisha nywele zilizoshikana, ndipo ulete chanuo lenye meno mapana. Shika fungu katikati kwa mkono mmoja ili shina lisivutwe, uchane ncha kwanza, kisha upande juu kidogo kidogo mpaka chanuo lipite kutoka shinani bila kukwama. Ukikutana na fundo lisilofunguka, ongeza kondishena na maji, ulichambue kwa ncha ya sindano nene. Likishindikana kabisa, kata fundo hilo peke yake kwa mkasi mkali. Nywele za kipilipili zikiwa kavu kabisa zisichanwe hata kidogo, na watoto wanaolia kila asubuhi ya shule wanaonewa bure.

Hatua ya 5: Maji kwanza, mafuta baadaye

Mafuta hayaongezi maji katika unywele. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuchelewesha maji yaliyomo yasipotee. Mtu anayepaka mafuta ya mgando juu ya nywele kavu huzifungia ukavu wake. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka krimu nyepesi ya kuachwa kichwani, kisha mafuta kidogo, ukianzia nchani.

Kuhusu mafuta yenyewe, chaguo langu la kwanza ni ya nazi, na si kwa sababu tu yanapatikana kila soko la pwani. Yana asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, hivyo hufaa kupakwa nchani usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Mafuta ya nyonyo ni mazito, hukaa juu na kufunika, na yanafaa nchani kwa kiasi kidogo. Sijaona ushahidi wa kuridhisha kwamba huotesha nywele. Mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi na huyeyuka haraka mkononi. Maji ya karafuu, ambayo siku hizi yanasifiwa sana, yana eujenoli inayoweza kuwasha ngozi, kwa hiyo asiyekubali kuyaacha ayapime kwanza nyuma ya sikio.

Katikati ya wiki, nyunyizia ncha maji yaliyochanganywa na kondishena kidogo, kisha pitisha matone machache ya mafuta.

Hatua ya 6: Nyoosha kwa uzi badala ya moto

Nywele zilizonyooka hazifungi mafundo kwa wingi, na ndiyo sababu wengi hukimbilia drai na pasi. Moto mkali huharibu protini ya unywele, na pasi ikipitishwa juu ya nywele zenye unyevu, maji huchemka ndani yake na kuacha mapovu yanayoufanya ukatike. Bibi zetu walikuwa na njia bora, nayo ni uzi mweusi wa kusukia.

Subiri nywele zikaribie kukauka, uzigawe mafungu 8 hadi 12. Zungusha uzi shinani mara tatu au nne kwa kukaza kiasi, kisha uteremke kwa mizunguko yenye nafasi mpaka nchani, ukihakikisha ncha yenyewe imefunikwa, na ufunge. Lala nazo. Asubuhi fungua ukianzia nchani. Utapata nywele zilizonyooka vya kutosha kusukwa, bila gharama ya umeme. Ukiona ngozi imeinuka pale uzi ulipofungwa, umekaza kupita kiasi.

Hatua ya 7: Suka kwa kulinda

Msuko mzuri huzificha ncha na kukupunguzia kuchana kwa majuma kadhaa. Twende kilioni na mabutu ya nywele zako mwenyewe ni salama kuliko rasta nzito. Ukitaka rasta, loweka zile za bandia katika maji ya vuguvugu yenye siki na uzisuuze kabla ya kusukwa, kwa sababu wengi huwashwa na kemikali zilizopakwa juu yake kiwandani.

Mwambie msusi mapema kwamba hutaki kukazwa, na usione aibu kumwomba afumue mstari unaouma. Maumivu, vipele vidogo shinani au kushindwa kulala siku ya kwanza si dalili ya msuko imara. Ni dalili kwamba mashina yanavutwa. Mvuto huo ukirudiwa kwa miaka hunyofoa nywele za mbele na za pembeni mwa paji, na ngozi ikishafanya kovu na kung'aa, nywele za hapo hazirudi. Nywele changa za pembezoni ziachwe nje ya msuko.

Kaa na msuko wiki 4 hadi 6, wala usizidishe 8. Unapofumua, paka mafuta au kondishena pale uchafu ulipokusanyika shinani, utenganishe kwa vidole kabla ya maji kugusa kichwa, kwani uchafu huo ukilowa hugeuka fundo. Nywele nyingi zitakazotoka siku hiyo ni zile zilizong'oka kwa majuma yote zikashikiliwa na msuko. Pumzika angalau wiki moja kabla ya kusuka tena.

Hatua ya 8: Usiku na ushungi

Foronya ya pamba hunyonya unyevu na kusugua ncha, hivyo lala na kilemba au kofia ya satini. Wanaojifunga ushungi au hijabu wasifunike nywele zikiwa mbichi, wavae kitambaa laini ndani, na wabadilishe mahali pa kufungia nywele, maana fundo likikaa kisogoni palepale kila siku hukata nywele za hapo.

Hatua ya 9: Punguza ncha, na ujue wakati wa kwenda hospitali

Ncha zilizochanika hazigandi tena kwa mafuta yoyote. Kata nusu sentimita zinapoonekana, kwa mkasi wa nywele na si wa jikoni.

Yako mambo ambayo msusi hapaswi kuyatibu. Mapunye ni maradhi ya ukungu yanayohitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, na chanuo la mgonjwa lisitumiwe na mwingine. Nywele zinazotoka kwa wingi miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka, lakini kunyonyoka kwa muda mrefu kunaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma au matatizo ya tezi ya shingo, ambayo hupimwa kwa damu. Utosi unaopungua nywele mwaka hadi mwaka, hasa ukiwa na muwasho au hisia ya kuungua, uonwe mapema na daktari wa ngozi. Tanzania wapo katika hospitali kubwa, na hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda nzima. Siku ya kwenda, fumua msuko, usipake mafuta, na uchukue majina ya bidhaa zote ulizotumia kichwani, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuweka dawa.