Somo: Kumsomea mtoto vitabu vya picha vya kutokata tamaa

Hamjambo nyote. Naanza na kosa langu. Nilimchorea mpwa wangu wa miaka minne kitabu cha kurasa nane: kobe anataka kupanda mnazi aone meli zikiingia Kilindini. Anaanguka mara tatu. Alipoanguka ya tatu nikadakia, "Umeona? Usikate tamaa kama kobe!" Mtoto akafunga kitabu, akaomba mahamri. Hadithi ilikuwa imegeuka waadhi, na waadhi anausikia kutwa.

Sasa nafanya hivi.

1. Tafuta kitabu chenye kuanguka. Kabla ya kununua au kuazima, fungua katikati. Mhusika ameshindwa angalau mara mbili? Na kila mara anajaribu njia nyingine, si kurudia ile ile kwa nguvu zaidi? Kama jini anatokea na kumaliza shida, hicho ni kizuri kwa siku nyingine. Mimi napenda visa visivyowezekana, kobe juu ya mnazi au dau linalokwenda mwezini, kwa sababu mtoto humcheka kobe bila kuhisi ndiye anayesemwa. Asiye na pesa za vitabu aingie African Storybook kwenye intaneti. Ni bure, vya Kiswahili vimo, na unaweza kuviprinti.

2. Kipitie kwanza peke yako. Dakika tano zatosha.

3. Mkae mkekani, kurasa afungue yeye. Anza na "Paukwa!" akuitikie "Pakawa!" Hata aliyekuwa akirukaruka hugeuka.

4. Ukurasa wa kuanguka, nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunaharakia mwisho mzuri kwa sababu sisi wakubwa ndio tusiostahimili kumwona kobe chali. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mwache aangalie miguu ilivyo juu, nazi iliyoanguka kando, kaa anayechungulia shimoni. Kisha uliza jambo moja tu: "Kobe afanye nini sasa?" Usiulize "Umejifunza nini?", huo ni mtihani. Wangu alijibu, "Aite bodaboda." Nikamchora kobe juu ya bodaboda, akaanguka tena, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo kila usiku analeta shauri jipya: kamba, ngazi, kumwomba kima. Hilo la kutafuta njia ndilo nililokuwa nikilihubiri bure.

5. Rudieni kile kile. Utachoka wewe, yeye hachoki.

6. Mtoeni kobe kitabuni. Mwonyeshe minana mnazini. Dume huchana nyuzi za majani, hufuma kiota kinachoning'inia, halafu hupigapiga mbawa akiita majike. Jike huja kukagua. Kikikataliwa, dume hukibomoa na kufuma kingine. Tulisimama chini ya mnazi karibu nusu saa, vipande vya majani vikituangukia kichwani. Sikusema neno lolote la nasaha, na ilinigharimu.

Jambo jingine ni sifa. Mwaka 1998 Mueller na Dweck, watafiti wa saikolojia wa Marekani, walichapisha majaribio yao kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa werevu, walipopewa maswali magumu na kushindwa, walivunjika moyo upesi kuliko waliosifiwa bidii. Kwa hiyo badala ya "We mwerevu!" nasema, "Naona safari hii umeanzia upande wa pili."

Maswali

*Mama, Kisauni:* Wangu ana miaka mitatu, hakai hata kurasa mbili. Nimlazimishe?

La, dadangu. Soma ukurasa mmoja, mwache azunguke, arudi mwenyewe. Au aigize: kila kobe akianguka naye aanguke mkekani. Huyo hataondoka.

*Baba, Changamwe:* Vitabu nilivyopata ni vya Kiingereza, na mwanangu yuko chekechea, PP1.

Achana na maandishi, simulia picha kwa Kiswahili cha nyumbani. Ila hakikisha unasimulia kile anachokiona, maana akiona kaa nawe ukasema samaki, atakukatiza kila ukurasa.

*Nyanya, Mji wa Kale:* Mwanangu, macho yangu hayasomi tena. Nami nimo?

Shikamoo nyanya. Umo kuliko sisi. Mpe mjukuu kitabu, mwambie hukioni vizuri akusomee yeye. Atakusomea picha. Akikosea mfuatano usimrekebishe, muulize tu, "Ehe, ikawaje?"

*Mama, Likoni:* Wangu alilia kobe alipoanguka. Niliacha kusoma. Nilikosea?

Hapana, lakini kesho kirudie mchana, mwanga upo, amekaa mapajani. Mwulize kobe ameumia wapi, ambandike plasta ya karatasi. Wengine huhitaji kumtibu kwanza ndipo wamruhusu ajaribu tena.

*Baba, Changamwe tena:* Samahani, umetuacha njiani. Kobe alifika juu au hakufika?

Alifika, ukurasa wa nane, na meli akaziona. Lakini mpwa wangu haamini. Anasema yule wa juu ni kobe mwingine.