SOMO: Kutambua na kusafisha chombo cha maua cha kauri ya Uingereza (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila mara naletewa picha ya kitako cha chombo na swali lilelile: "Hii ni ya zamani?" Naandika yote hapa. Nazungumzia kauri iliyochorwa maua kwa mkono, hasa ya kiwanda cha Worcester, ndiyo ninayokutana nayo zaidi minadani huku Uingereza.

1. Nawa mikono, vua pete, tandika taulo mezani.

2. Kishike tumboni na kitakoni, usikinyanyue kwa masikio.

3. Tazama maua kwa kioo cha kukuzia KABLA ya kugeuza kitako. Alama ya kiwanda iliyo kitakoni hughushiwa kwa urahisi, mkono wa mchoraji mzuri haughushiki hivyo. Vitone vidogo vilivyojipanga ni dalili kwamba maua yamechapwa, hayakuchorwa. Mstari wa brashi huanza mnene ukaishia mwembamba, na rangi hulala nzito hapa, nyepesi pale. Kuna na ya katikati, ambayo wauzaji huinyamazia: mistari imechapwa, rangi ikajazwa kwa mkono.

4. Sasa geuza. Alama ya Royal Worcester ni duara lenye W nne zilizofungamana, 51 katikati (kiwanda kilianza 1751) na taji juu. Maneno "Royal Worcester England" yaliongezwa 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Kuanzia 1892 iliongezwa nukta moja kila mwaka, kwa hiyo nukta 9 ni 1900. Mwaka 1916 nyota ikachukua nafasi ya nukta.

5. Kusafisha. Hapa someni polepole, maana mimi mwenyewe niliwahi kufuta dhahabu ya ukingo kwa kusugua. Rangi za maua na dhahabu hukaa juu ya gilezi (ule utando wa kung'aa kama kioo unaofunika chombo), zimechomwa kwa moto mdogo kuliko wa chombo chenyewe, hazina cha kuzikinga. Kwanza zima taa, mulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia: mara nyingi palipotengenezwa hung'aa tofauti. Kisha pamba, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, eneo dogo dogo, dhahabu uiguse tu. Rangi ikihamia kwenye pamba, ACHA hapo hapo. USILOWEKE: maji ya moto hulegeza gundi ya zamani, sikio likabaki mkononi. USITUMIE jiki, stilwaya wala mashine ya kuoshea vyombo.

6. Maua mabichi yatafutie chombo kingine.

MASWALI

Mjukuu: Mkuu nina cha bibi, kina maua. Bei gani?
Jibu: Hatua ya 3 na ya 4, kisha picha za mchana.

Mtafiti: Changu kina alama ya nanga ya dhahabu, ni cha kiwanda cha Chelsea, London. Somo lako halijaitaja kabisa.
Jibu: Somo limesema anza na maua, na hilo linaihusu nanga pia. Chelsea waliitumia miaka ya 1750 na 1760, ila ilikuwa ndogo mno. Karne ya 19 Samson wa Paris na wengine waliiweka kwenye nakala. Nanga kubwa ya kujionyesha mimi siiamini.

Mama Zai: Nimeshakiloweka kwenye jiki tangu jana.
Jibu: Kitoe sasa. Suuza kwa maji safi, badilisha maji mara kadhaa, kikauke chenyewe. Hatua ya 5 ipo hapo juu.

Shamba la Waridi: Mbona mawaridi mengine yanaonekana yana mwanga ndani?
Jibu: Swali zuri sana hili. William Billingsley, mchoraji wa kiwanda cha kauri cha Derby mwishoni mwa karne ya 18, alijaza petali rangi, kisha akaifuta kwa brashi karibu kavu. Mwanga unaouona ni weupe wa kauri yenyewe. Wengi walimfuata. Kiinamishe dirishani, utaona njia ya brashi ilipofuta. Saini usiitafute kwa Derby ya wakati huo. Kwa Worcester, wachoraji walianza kuweka majina karibu na 1900; ukikuta Sedgley au Austin, kitunze.

Mlamu: Shukrani, ustadhi. Sahani za kwenye zidaka za babu nazo nizioshe hivi?
Jibu: Zilizo huru, ndiyo. Zilizoshikamana na ukuta usizibandue, pangusa vumbi kwa brashi laini kavu. Na waya wa kutundikia sahani hukwangua dhahabu ya ukingo, vishe ncha zake kitambaa.

Shamba la Waridi: Mimi hutia mchanga ndani ya chombo, paka wasikiangushe.
Jibu: Vizuri, ila uutie kwenye kifuko cha kitambaa na usikijaze. Mchanga mtupu hukwaruza.